Wrocław, jiji lililobadilishiwa watu: nani mwenyeji, nani mgeni?

Julai 7, 2025, Poland ilirudisha ukaguzi kwenye mipaka yake na Ujerumani na Lithuania. Siku chache baadaye watu waliandamana katika miji mingi ya nchi hiyo kupinga wahamiaji, na Agosti 25 Rais mpya, Karol Nawrocki, akakataa kutia saini sheria ya kurefusha misaada kwa Waukraine waliokimbia vita. Habari hizi zimetufikia Waswahili zikiwa na maelezo mafupi: taifa kongwe la watu wa asili moja, wakaao kwenye ardhi ya babu zao tangu enzi na enzi, linawafungia wageni mlango. Ajabu ni kwamba waandamanaji wenyewe wanatoa maelezo hayo hayo, ila wao wanayasema kwa kujisifu pale tunapoyasema sisi kwa kulaumu. Pande zote mbili zimekosea jambo lile lile, na jiji moja tu linatosha kulionyesha. Ni Wrocław, kusini-magharibi mwa Poland, jiji la watu wapatao 670,000 kwenye kingo na visiwa vya mto Oder.

Hoja yangu ni kwamba Wrocław haina wenyeji wa kale. Ukiacha wachache sana, kila familia inayoishi humo ilifika baada ya Mei 1945, ikaingia kwenye nyumba iliyojengwa na watu wengine na ikapika kwa sufuria za watu wengine. Umoja wa lugha na dini ambao waandamanaji wanautetea kama urithi wa mababu una umri mdogo kuliko bibi zao. Lakini sitaki kuishia hapo, maana kumwambia mtu "hata wewe ulikuja" ni rahisi na hakumsaidii yeyote. Jambo kubwa zaidi katika historia ya jiji hili ni kwamba inatuonyesha kinachomgeuza mgeni kuwa mwenyeji, na kwa nini huko mageuzi hayo yalichelewa kwa zaidi ya robo karne. Yalichelewa kwa sababu watu walikuwa na nyumba bila kuwa na uhakika wa kuachiwa nyumba hizo. Kosa hilo hilo la kumweka mtu mahali bila kumpa uhakika ndilo Poland inalolirudia sasa kwa Waukraine, na ndilo lililostahili mjadala kuliko ukaguzi wa mpakani.

Turudi nyuma kidogo. Makao ya askofu yaliwekwa hapo mwaka 1000, wakati wa watawala wa Kipolandi wa ukoo wa Piast. Mwaka 1241 Wamongolia walipita na mji ukateketea, kisha ukajengwa upya kwa kufuata sheria za miji za Kijerumani, na walowezi wa Kijerumani wakaja kwa wingi. Mwaka 1335 ukawa chini ya taji la Bohemia, nchi ya Wacheki, mwaka 1526 ukaangukia kwa ukoo wa Habsburg wa Austria, na katika miaka ya 1740 Mfalme Frederick wa Pili wa Prussia akauteka pamoja na sehemu kubwa ya Silesia, jimbo linaloizunguka Wrocław. Kufikia karne ya 20 uliitwa Breslau na ulikuwa miongoni mwa majiji makubwa ya Ujerumani. Mwaka 1939 ulikuwa na wakazi karibu 630,000. Humo ndimo alimozaliwa mwanafizikia Max Born, mwanafalsafa Edith Stein aliyeuawa Auschwitz, na Dietrich Bonhoeffer, mchungaji aliyenyongwa kwa kumpinga Hitler. Jumuiya yake ya Kiyahudi, watu wapatao 20,000, ilikuwa ya tatu kwa ukubwa Ujerumani. Wanazi walilichoma sinagogi kuu Novemba 1938, na Novemba 1941 walipakia treni ya kwanza ya watu wapatao elfu moja kuelekea Kaunas, Lithuania, ambako wote walipigwa risasi siku chache baada ya kufika. Nalisema hili mapema kwa makusudi. Kila anayesimulia kufukuzwa kwa Wajerumani wa Breslau anapaswa kuanza na waliofukuzwa kabla yao, pamoja na majirani waliobaki nyumbani wakitazama.

Januari 1945 jeshi la Kisovyeti lilipokaribia, mkuu wa chama cha Nazi wa jimbo, Karl Hanke, aliamuru wanawake na watoto waondoke kwa miguu katika baridi kali ya theluji. Wengi walifia njiani. Jiji likatangazwa kuwa ngome, na kuanzia katikati ya Februari likazingirwa. Watetezi wake walibomoa mtaa mzima wa katikati ya jiji ili kupata uwanja wa ndege. Mahali hapo leo ni uwanja wa Grunwaldzki, panapopita tramu na wanafunzi wa vyuo. Breslau ilisalimu amri Mei 6, siku nne baada ya Berlin yenyewe kuanguka, huku Hanke akiwa ameshatoroka kwa ndege. Majengo mengi yalikuwa magofu. Wiki hiyo hiyo waliwasili maofisa wa kwanza wa Poland, kwa kuwa Stalin alikuwa ameamua kuisukuma Poland yote kuelekea magharibi: mashariki yake imegwe na Umoja wa Kisovyeti, nayo ifidiwe kwa ardhi ya Ujerumani. Mkutano wa Potsdam wa mataifa makubwa yaliyoshinda vita ukabariki uamuzi huo kiangazi hicho hicho. Agosti 1945 jijini mlikuwa na Wajerumani karibu 190,000 na Wapolandi 17,000. Mwisho wa mwaka 1946 Wajerumani hawakuzidi 18,000, na Wapolandi walikuwa zaidi ya 150,000. Kwa muda wa miezi kumi na sita jiji lilibadilishiwa watu kama mtu anavyobadilisha shuka.

Waliokuja ni akina nani? Simulizi inayopendwa inasema Wrocław ni Lwów iliyohamishwa, yaani ule mji wa mashariki ambao leo ni Lviv ya Ukraine. Simulizi hiyo ina ukweli wake. Maprofesa wa Lwów ndio walioanzisha upya chuo kikuu, akiwamo mwanahisabati Hugo Steinhaus. Maktaba ya Ossolineum ilihamishiwa humo, pamoja na picha kubwa ya vita vya Racławice, na sanamu ya mtunzi wa tamthilia Aleksander Fredro iliyosimama Lwów sasa imesimama kwenye uwanja wa soko kuu, mahali palipokuwa na sanamu ya mfalme wa Prussia. Lakini watu wa Lwów hawakuwa wengi kuliko wengine. Wakazi wapya wengi walitoka Poland ya kati na mkoa wa Poznań: vijana wa vijijini wasiokuwa na ardhi na watu wa Warszawa ambao nyumba zao zilikuwa kifusi. Walikuja pia Wayahudi wa Poland waliorudi kutoka Umoja wa Kisovyeti na kukuta miji yao haina hata ndugu mmoja. Mwaka 1947 serikali iliwang'oa Waukraine na Walemko, watu wa milimani walio karibu nao kwa lugha, wapatao 140,000 kutoka kusini-mashariki na kuwatawanya katika ardhi hizo mpya za magharibi na kaskazini, na baadaye wakaja Wagiriki na Wamakedonia waliokimbia vita vya wenyewe kwa wenyewe nchini mwao. Anayedhani kundi hili lilikuwa la watu wa aina moja hajawahi kumweka mkulima wa mashariki na fundi wa Poznań kwenye jiko moja.

Sisi wa Afrika Mashariki tuna kipande cha habari hii kwenye udongo wetu. Wasovyeti walipoiteka Poland ya mashariki waliwachukua raia kwa malaki, mwaka 1940 na 1941, wakawapeleka Siberia na Kazakhstan. Baada ya makubaliano ya Julai 1941 kati ya serikali ya Poland iliyokuwa uhamishoni na Umoja wa Kisovyeti, sehemu yao iliruhusiwa kutoka, wakapitia Iran, na maelfu wakaletwa na Waingereza katika kambi za Afrika: Masindi na Koja nchini Uganda, na Tengeru karibu na Arusha, iliyokuwa na watu wapatao 5,000, wengi wao wanawake na watoto. Nimewahi kusimama kwenye makaburi yao pale Tengeru, yapata 150, na kilichonishika moyo ni vijiji vya kuzaliwa vilivyoandikwa kwenye mawe, vijiji ambavyo vita ilipokwisha havikuwa tena katika nchi yao. Hawakuwa na pa kurudi. Wengi wakaenda Uingereza, Kanada na Australia, na wachache wakarudi Poland. Ndugu na majirani zao waliosalia kule nyumbani ndio waliopakiwa kwenye mabehewa ya kuelekea Oder. Kwa hiyo mkazi wa Wrocław wa mwaka 1946 hakuwa mshindi aliyekuja kuchukua nyara, ingawa wapo waliokuja kwa nyara na soko lao la mali za kuokota lilikuwa kubwa. Maelfu kwa maelfu yao walikuwa wakimbizi waliopewa funguo za nyumba za wakimbizi wengine.

Na funguo hizo hawakuziamini. Wapolandi wana msemo wa kukaa juu ya masanduku, kwa maana ya kuishi ukiwa tayari kuondoka, na msemo huo ulizielezea ardhi za magharibi kwa miaka mingi. Mkataba wa amani na Ujerumani haukuwapo. Ujerumani Magharibi iliendelea kuchora ramani zenye mipaka ya mwaka 1937. Hata Vatikani, katika nchi ya Kikatoliki, haikuweka majimbo ya kudumu ya kanisa huko mpaka Juni 1972. Mtu wa kawaida alipiga hesabu yake: kwa nini nitengeneze paa ambalo Mjerumani atarudi kulidai? Matofali ya magofu yalipakiwa kwenda kujenga Warszawa. Vitu vya nyumbani viliitwa "poniemieckie", vilivyoachwa na Wajerumani, na neno hilo lilibandikwa kwenye kabati, kwenye kitanda, na kwenye mti wa matunda uani. Idadi ya wakazi ya kabla ya vita haikufikiwa tena mpaka miaka ya 1980. Kilichowashusha watu kwenye masanduku yao ni mkataba wa Desemba 1970 ambamo Ujerumani Magharibi ilikubali kuuheshimu mpaka wa Oder, na baadaye mkataba wa Novemba 1990 uliomaliza shauri hilo kabisa. Saini ilikuja kwanza. Mapenzi ya mji yakafuata.

Hapa zinaingia hoja za wanaonipinga. Iliyo dhaifu kuliko zote ndiyo inayopigiwa kelele zaidi: kwamba Wapolandi hawakuja, bali walirudi. Serikali ya kikomunisti iliziita Ardhi Zilizorejeshwa, ikafanya maonyesho makubwa ya kuzisifia mwaka 1948, na ukarudiwa usemi kwamba huko hata mawe yanazungumza Kipolandi. Ni kweli watawala wa kwanza walikuwa akina Piast. Lakini kati ya Piast wa mwisho na fundi aliyefika kwa treni mwaka 1945 kuna karne sita, na fundi yule hakuwa mjukuu wa yeyote aliyewahi kuzaliwa pale. Kama kutawala miaka mia sita iliyopita kunatoa hatimiliki, Wacheki wa Bohemia wanayo, Waaustria wanayo, na Wajerumani walioishi humo mpaka juzi wanayo kubwa kuliko wote. Hoja hii humpa silaha mtu ambaye msemaji anamwogopa zaidi. Tena ililazimisha uharibifu: ili mawe yaseme Kipolandi, maandishi ya Kijerumani yalikwanguliwa ukutani na makaburi ya Kijerumani karibu yote yakafutwa, mengine yakawa bustani. Jengo la Max Berg lililofunguliwa mwaka 1913, Jumba la Karne, ambalo leo liko kwenye orodha ya urithi ya UNESCO, liliitwa kwa miongo kadhaa Jumba la Watu, kana kwamba kubadili jina kungelifanya lisahau nani alilijenga.

Hoja ya upande wa pili, iliyosikika kwa muda mrefu katika vyama vya Wajerumani waliofukuzwa, ni kwamba yote yalikuwa wizi, basi. Hii siwezi kuitupa kirahisi, kwa sababu mtoto wa miaka minne aliyetolewa kitandani mwaka 1946 hakuwa na kosa lolote, na kuwaadhibu watu kwa lugha yao ni dhuluma hata kama waliadhibiwa na wale waliodhulumiwa kwanza. Lakini hoja inayoanza kuhesabu Mei 1945 inaacha nje raia wa Poland milioni sita waliouawa, nusu yao Wayahudi, na inasahau kwamba mipaka ilipangwa Moscow, si katika jiko la familia iliyopewa nyumba. Mtu aliyeliona jambo hili kwa ukamilifu alikuwa askofu wa Wrocław, Bolesław Kominek. Novemba 1965, miaka mitano kabla ya serikali kupata mkataba, alikuwa mwandishi mkuu wa barua ya maaskofu wa Poland kwa wenzao wa Ujerumani yenye maneno "tunasamehe na tunaomba msamaha". Serikali ilimshambulia kwa hasira, na Wapolandi wengi walimkasirikia pia: tuombe msamaha wa nini? Nadhani alielewa kuwa mtu anayekalia kiti cha mwingine hatatulia mpaka aweze kulitaja jina la mwenye kiti bila hofu.

Ipo hoja ya tatu, ya watu ninaowapenda zaidi, nayo pia naiona ina kasoro. Uongozi wa jiji kwa miaka mingi umejitangaza kuwa Wrocław ni mji wa kukutana, na watetezi wa wahamiaji hulitumia jina hilo: jiji lililojengwa na Wapolandi, Wacheki, Wajerumani na Wayahudi kwa desturi yake hupokea wageni. Natamani ingekuwa hivyo. Watu hawa kwa sehemu kubwa walipokezana zamu. Wapolandi wa mwaka 1945 na Wajerumani walikaa nyumba moja kwa miezi tu, kwa kuogopana, kisha mmoja akaondoshwa. Wayahudi waliokuja baada ya vita wengi waliondoka baada ya mauaji ya Wayahudi katika mji wa Kielce mwaka 1946, na waliobakia wakasukumwa nje na kampeni ya serikali dhidi ya Wayahudi ya mwaka 1968. Novemba 2015, jiji likijiandaa kuwa mji mkuu wa utamaduni wa Ulaya mwaka unaofuata, waandamanaji waliopinga wakimbizi walichoma kinyago cha Myahudi mbele ya ukumbi wa mji. Asili ya kuhamahama haimfanyi mtu kuwa mpole kwa mhamaji mwingine. Mara nyingine humfanya alinde zaidi alichokipata kwa tabu.

Hoja yenye uzito kuliko zote ni ile isemayo kwamba Wrocław ilifanikiwa kwa sababu waliokuja, pamoja na tofauti zao, wengi walikuwa na lugha moja na kanisa moja, na serikali iliyowapa nyumba iliwahesabu kuwa raia tangu siku ya kwanza. Nakubali karibu yote. Shule ya Kipolandi na misa ya Kikatoliki zilishona nguo ambayo Waukraine wa 1947 hawakuivaa kwa raha, na waliumia. Nchi pia ina haki ya kujua nani anaingia. Ila tazama kiungo cha mwisho katika hoja hiyo: raia tangu siku ya kwanza. Hata wakiwa na uraia, lugha na kanisa, watu wale walikaa miaka 25 bila kufungua masanduku, kwa sababu kulikosekana jambo moja, uhakika wa kubaki. Basi lugha moja na dini moja hazikutosha.

Ushahidi mwingine wa gharama hiyo uko Kozanów, mtaa wa maghorofa uliojengwa mwishoni mwa utawala wa kikomunisti kwenye ardhi ya chini kando ya mto. Mafuriko ya Julai 1997 yaliuzamisha. Kila mto una watu wanaoujua, wanaokumbuka maji yalifika wapi enzi za babu; hapa watu hao walikuwa wamefukuzwa, na kumbukumbu yao ilifutwa pamoja na makaburi yao. Lakini mafuriko yale yalileta na kitu kingine. Maelfu ya wakazi walijaza mifuko ya mchanga usiku na mchana, wakalinda kisiwa cha kanisa kuu, wakabeba vitabu vya maktaba kwenda ghorofa za juu. Walikuwa wakiokoa kuta za Kijerumani na vitabu vya Lwów kwa mikono ya wana na wajukuu wa Poznań. Wengi wa Wrocław husema siku zile ndipo jiji lilipokuwa lao. Ilikuwa miaka saba tu tangu mkataba wa mwisho wa mpaka. Miaka kumi na moja baadaye, 2008, jiji likazindua katika bustani ya Grabiszyński mnara wa kumbukumbu wa wakazi wa zamani ambao makaburi yao yalipotea: ukuta mrefu uliopachikwa mawe ya makaburi yao. Watu wenye hofu ya kufukuzwa wasingeujenga.

Sasa linganisha na Waukraine. Walikuwa jijini kwa maelfu mengi hata kabla ya Februari 2022, wakiendesha teksi, wakifanya kazi viwandani, wakisoma vyuoni. Walioingia baada ya uvamizi wa Urusi walipokewa kwa ukarimu ambao nchi chache zimewahi kuuonyesha, majumbani mwa watu, bila kambi. Kisheria, hata hivyo, wanaishi kwa kurefushiwa. Sheria maalumu ya Machi 12, 2022 imesogezwa mbele tena na tena, mwaka mmoja huku, miezi michache kule, na baada ya Rais kukataa ile ya Agosti 2025 ilipatikana nyingine mwezi Septemba, yenye masharti magumu zaidi ya posho ya watoto, iliyofika Machi 4, 2026. Wanaodai kuwa watu hawa hawataki kuzama katika jamii wanamlaumu mpangaji kwa kutopanda mwembe kwenye kiwanja anachoongezewa miezi sita sita. Mzazi asiyejua kama mtoto atamalizia shule hapo atamwandikisha pia shule ya Ukraine kwa njia ya mtandao, jioni, amechoka. Fundi hatachukua mkopo wa mashine. Muuguzi hatasumbuka kubadilishiwa cheti. Kila mmoja wao anapiga hesabu ile ile aliyoipiga mtu wa Lwów mwaka 1950 alipolitazama paa linalovuja. Na baadhi ya familia hizi zinatoka Ukraine ya magharibi, ikiwemo Lviv ile ile ambayo maktaba na sanamu zake ziko hatua chache kutoka wanapopanga foleni ya karatasi.

Poland ikitaka kuwarudisha watu hawa vita ikiisha, iseme hivyo na iweke tarehe ya kweli. Ikitaka wabaki, iwape hati ya ukaaji wa kudumu yenye masharti yanayoeleweka, kodi, lugha, kazi, na iache kuwasogeza kwa miezi. Ninachokipinga ni hali ya katikati, ambayo jiji hili limeshalipia gharama yake mara moja. Mtoto aliyeanza darasa la kwanza Wrocław Septemba 2022 aliingia la nne Septemba 2025. Anaandika Kipolandi vizuri kuliko mama yake anavyokisema, na hati ya mama yake wakati huo ilikuwa na mwisho wa Machi 4, 2026.